Upande Wangu wa Gurudumu

Mercy, uliniomba nikuandikie habari za kanisa hili kabla sijazisahau. Mimi sisahau kitu, ila mahali nilipoweka miwani. Lakini sasa nimestaafu, kazi ya kanisa nimekuachia wewe, nimekaa tu hapa Kamenu, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ya jirani ikiwaka na kuzima. Basi wacha niandike. Mambo ya swichi, fyuzi na lile bomba la nyuma lenye kiburi nilikuonyesha kwa mkono. Haya ni yale mengine uliyouliza siku ile ukipanguza vumbi: mbona kanisa letu lina kimimbari juu ukutani ambacho hakuna padre anayekipanda, na mbona nyuma ya sakristia kuna pipa la mbao limeingizwa katikati ya ukuta. Jibu ni kwamba pale mnapopokea komunyo palikuwa mahali pa kula githeri. Kanisa letu lilikuwa nyumba ya watawa. Na kabla sijakabidhiwa funguo zake zote, nilifanya kazi hapo miaka mingi bila kupita hata mlango mmoja wa ndani.

Nilipoanza, huku kati ya Ruiru na Thika kulikuwa kahawa na kahawa. Hizo ghorofa mnazoanikia nguo hazikuwepo. Ukisimama langoni kwetu ulikuwa unaona mlima wa Kilimambogo bila kuomba ruhusa ya mtu. Masista walikaa nyuma ya ukuta mrefu wa mawe ya Juja, na watu waliwaita Masista wa Ndani, kwa sababu aliyeingia hakutoka tena, si kwenda sokoni, si kwenda kumzika mama yake. Waliomba, walilima mboga, na walioka hostia za komunyo za parokia nyingi za huku. Hawakuonekana. Hata kwenye misa, sisi wa nje tulikaa upande mmoja wa kikanisa chao kidogo, wao upande mwingine, na kati yetu wavu wa chuma na pazia. Tulisikia wakiimba, basi.

Aliyenipokea kazini ni Mama Wairimu, mlinda lango wa kabla yangu, mwanamke mkavu wa Gatundu ambaye sikuwahi kumwona akicheka ila mara moja, paroko wa jirani alipoteleza kwenye matope. Alinionyesha chumba cha lango: benchi, meza, picha ya Bikira Maria, na gurudumu. Hilo mnaloliita pipa ndilo gurudumu, Mercy, na naomba uliite hivyo. Ni kabati la mviringo lililosimama ndani ya ukuta, wazi upande mmoja tu. Unaweka kitu, unalisukuma, linazunguka, uwazi unatokea upande wa pili, na sista anachukua. Yeye hakuoni, na wewe humwoni.

"Hapa hatuchungulii," Mama Wairimu akaniambia. "Ukitaka kuchungulia, enda Thika kwa madirisha ya maduka."

Alinifundisha kulisukuma kwa kiganja, si kwa vidole, maana linauma. Mayai yanakaa chini, mkate juu yake kwenye rafu, na kopo la maziwa lazima kifuniko kifungwe kwa kamba. Usitie mafuta kwenye mhimili, yatashika vumbi na gurudumu litaanza kulia. Paka kipande cha mshumaa. Hilo bado ni kweli, na mshumaa uko kwenye droo ya kushoto. Na kabla ya kusukuma chochote, gonga mbao, salimia, ngoja ujibiwe. Mama Wairimu alisema mtu anayesukuma kabla ya kujibiwa hana tofauti na ng'ombe.

Siku hiyo ya kwanza niligonga, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," sauti ikajibu. "Wewe ni mpya."

"Ndiyo, sista. Naitwa Nyambura."

"Mimi ni Sista Benigna. Umekula?"

Sikuwa nimekula, nikasema bado. Gurudumu likazunguka polepole, na ndani kukawa na sahani ya bati imefunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko juu. Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe kwa viazi, moto. Nilikula nikiwa nimekaa kwenye benchi, mgongo ukutani, karibu na gurudumu, maana meza ilikuwa imejaa mabunda ya hostia. Mama Wairimu alikuwa ameenda zake kwa dada yake, kula huko. Nilipomaliza nilikwaruza sahani vizuri, kwetu hatuachi kitu, nikairudisha. Kutoka siku hiyo hicho ndicho kilikuwa chakula changu cha mchana, siku zote za kazi, mpaka masista walipoondoka.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukuambia tukifagia. Watu walidhani kazi ile inachosha kwa sababu ya kusimama, au funguo, au waombaji. Kilichonichosha mimi ni kula peke yangu. Mama Wairimu alistaafu mapema, nikabaki mlinda lango mwenyewe. Nyumbani sikuwa na mtu. Mume sikupata, na wale waliojaribu wacha tuwaache walipo. Kila mchana ni mimi, sahani na Bikira Maria, na yeye hali. Wavunaji kahawa walikaa chini ya miti ya ng'ambo wakila kwa kelele, wanachekana, wananyang'anyana parachichi, na mimi nasikia kila kitu. Nilikuwa naona wivu. Woi, niliona wivu kweli.

Sista Benigna ndiye mtu niliyeongea naye zaidi ya mtu yeyote maishani mwangu, na sikumjua hata urefu. Sheria yao ilikuwa kwamba sista wa gurudumu aseme maneno ya lazima tu. Kwa hivyo ilikuwa: mayai yamefika, hostia za Ruiru ziko tayari, fundi wa bomba aambiwe aje. Na "Umekula?" Sikujua kama hilo ni neno la lazima kwa sababu ya sheria, ama ni yeye tu. Nililigeuza kichwani miaka na miaka. Mtu akikuuliza kila siku kama umekula, anakujali wewe, ama anajali sahani irudi jikoni?

Waombaji nao walikuwa shule. Walikuja na shida zao, mimi nazipitisha kwa mdomo kwenye gurudumu, masista wanaziombea. Mabinti wa mitihani, wanawake waliotaka watoto, wazee wa kesi za mashamba. Asubuhi moja mzee wa Witeithie alikuja, akataka masista wamwombee ashinde kesi ya mpaka. Kabla chai haijapoa akaja mzee mwingine, anataka ashinde kesi ya mpaka. Nikamuuliza unashtakiana na nani. Haiya! Ni yule yule aliyetoka. Nikagonga, nikamweleza Sista Benigna. Nikasikia kitu kama mtu anayezuia kikohozi.

"Tutawaombea wote wawili," akasema. "Waachie Mungu hiyo kazi ya kupima."

Alikuwa anacheka. Nilijua alikuwa anacheka, na nilienda nyumbani siku hiyo nimefurahi mpaka nikanunua nyama.

Mama yangu alipokufa, habari zilinipata pale pale langoni, kaka yangu akaja na kofia mkononi. Alipoondoka kutafuta gari, niligonga gurudumu, kwa sababu ya kuzoea tu. Nikasema, "Sista, mama amekufa." Hakujibu. Nikangoja. Nilitaka aseme kitu, chochote, hata pole. Gurudumu likazunguka na kikombe cha chai, tangawizi imejaa mpaka inachoma koo. Niliinywa nikilia. Nilimkasirikia, Mercy. Nilijiambia, huyu si rafiki, huyu ni ukuta unaotoa chai.

Miaka ikaenda. Masista wazee walikufa mmoja mmoja, wakazikwa ndani, pale kwenye misalaba midogo nyuma ya ukumbi, ambapo nakuomba usiruhusu mtu aegeshe gari. Wasichana wa kuingia hawakuja tena. Hostia zikapungua, nyimbo zikapungua. Misa ya asubuhi unasikia sauti chache zikijikokota upande wa pili wa pazia. Nje, kahawa ilikuwa inang'olewa na ghorofa zinaota. Tukasikia kwamba nyumba inafungwa, kwamba waliobaki watapelekwa nyumba yao nyingine huko magharibi, na kwamba askofu anataka mahali hapo pawe parokia ya hawa watu wote waliojaa Ruiru. Siku gani wataondoka, mlinda lango hakuambiwa.

Siku moja nilifika kazini asubuhi kama kawaida, nikagonga. "Tumsifu Yesu Kristo." Kimya. Nikagonga tena. Nikafanya kile Mama Wairimu alichonikataza, nikasukuma bila kujibiwa. Gurudumu likazunguka jepesi, na ndani kulikuwa na sahani yangu, imefunikwa kwa sahani nyingine, kijiko juu. Chakula cha mchana, saa ya chai ya asubuhi. Kimepoa.

Walikuwa wametoka na lango la nyuma, la shambani, kabla sijafika. Nilikaa kwenye benchi na ile sahani magotini. Sikuila mpaka mchana ulipofika, kwa sababu sikujua kuila saa nyingine. Na nilijiuliza lile swali langu la siku zote: hii ni kwaheri, ama ni kumaliza sufuria?

Paroko mpya alipofika aliniweka niwe mtunza kanisa, kwa kuwa, alisema, mimi ndiye najua mahali hapa. Nikamwambia, "Padre, najua chumba kimoja." Alidhani natania. Siku waliyonipa funguo za ndani nilitembea nikigusa kuta. Kila kitu kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiria. Nikapita korido inayozunguka bustani, nikauona ule mlango mwembamba, nikaufungua: chumba kisicho na dirisha, stuli moja, na gurudumu, mgongo wake. Chini ya gurudumu kulikuwa na ubao mfupi umepigiliwa ukutani, una madoa ya duara ya vitu vya moto, mengine juu ya mengine. Nikasema, hapa ndipo alikuwa anapanga mabunda ya hostia. Nikaketi kwenye ile stuli. Ilikuwa ya mtu mfupi.

Halafu fundi Mutiso akaja na watu wake, na hapo ndipo kanisa unalolijua lilianza. Kikanisa cha masista kilikuwa kidogo mno, jumuiya mbili tu zingekijaza, kwa hivyo wakachagua chumba cha kulia, kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Altare iko ilipokuwa meza ya Mama Mkuu. Kile kimimbari ni cha sista aliyesoma kwa sauti wakati wenzake wanakula kimya. Ukuta wa upande wa bustani walitoboa matao, na korido ikawa mahali pa akina mama wenye watoto wachanga. Vyumba vya kulala viliunganishwa viwili viwili, ndiyo hayo madarasa ya katekisimu. Chumba cha kufulia kikawa vyoo, na hapo sijasema kitu. Dirisha la jikoni lilizibwa kwa mawe nyuma ya kwaya, na kukiwa na joto huo ukuta hunuka vitunguu. Paroko anasema ni mawazo yangu. Nusa mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati alitaka gurudumu litolewe ili pawe dirisha la ofisi. Ningesema nini, kwamba nilikuwa nakula hapo? Nilisimama tu na ufagio wangu. Mutiso aligonga ukuta kwa nyundo, akatikisa kichwa.

"Mwenyekiti, huu ukuta ndio umebeba paa," akasema. "Ukitaka nitoe hili dude, niletee boriti ya chuma. Na siku ya kulitoa, uwe wa kwanza kusimama chini yake."

Mwenyekiti akasema basi liachwe. Wakalificha nyuma ya ratiba ya kwaya, na upande wa ndani mimi nikaweka vyungu vya maua. Nilimpikia Mutiso chapati, hakuelewa ni za nini, akala tu.

Siku ya kubariki kanisa, askofu aliwapa masista waliobaki ruhusa ya kutoka, akawaalika. Niliposikia, sikulala vizuri. Nilishona nguo. Mimi, kushona nguo! Nilijiambia nitamwona uso, na nikimwona nitajua. Kama alikuwa rafiki nitajua hapo hapo, na kama hakuwa pia nitajua, na nitaacha kujiuliza.

Wakaja wachache, na gari. Misa ikaisha, watu wakamiminika nje kwenye pilau, na mimi nikabaki mlangoni nikiwaangalia masista wakishuka ngazi. Pamoja na ile stuli fupi, bado nilikuwa nimemfikiria mrefu, mweusi, mkavu. Sista mmoja mfupi sana, mweupe, mwenye mwanya na fimbo, akasimama mbele yangu.

"Wewe ni Nyambura," akasema.

Sauti ilikuwa yenyewe. Lakini ilikuwa inatoka kwenye uso wa mtu nisiyemjua.

"Habari yako, sista?"

"Mzuri, mama. Habari ya hapa?"

"Hapa pazuri. Mmesafiri vizuri?"

"Vizuri. Barabara zimekuwa nzuri."

Aliangalia viatu vyangu, mimi nikaangalia fimbo yake. Haki, Mercy, sikuhisi kitu. Nilitafuta ndani yangu yule mtu niliyengoja kumwona miaka yote, na mbele yangu alikuwa mgeni mpole wa askofu, anaona haya, kama mimi. Nilitaka kulia kwa ubaya wa jambo lile. Nikamwambia chakula kiko kwa hema, akasema asante.

Alipiga hatua, akageuka. "Lile gurudumu, mlilitoa?"

"Hapana. Lipo."

Macho yake yakabadilika. "Nipeleke."

Nikampitisha sakristia, nikamfungulia mlango mwembamba, nikaondoa vyungu vya maua, nikampangusia stuli. Akakaa. Miguu yake ilifika chini barabara. Akaweka kiganja kwenye ule ubao, akaniambia, "Haya, enda upande wako."

Nikazunguka nje. Nikapita kwa watu, kwa vijana wa kwaya wakipiga picha, kwa akina mama waliotaka kuniuliza sufuria ya chai iko wapi, sikumjibu mtu. Nikaingia chumba cha lango, nikatoa ratiba ya kwaya, nikaketi kwenye benchi, mgongo ukutani. Nikagonga.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina." Na huyo hapo. Alikuwa yeye, mzima mzima. "Nyambura. Umekula?"

"Bado, sista."

"Hata mimi. Nimemtuma sista mdogo tuliyekuja naye atuletee."

"Sista," nikasema. Nilikuwa naongea na mbao, na ulimi ulikuwa umefunguka. "Mbona uliondoka bila kuniaga?"

"Tuliambiwa tusiage mtu. Nikakuwekea sahani. Hukuipata?"

"Niliipata."

"Hiyo ndiyo kuaga kwangu. Sikuwa na nyingine. Na siku ya mama yako nilitafuta maneno, nikakosa. Niliharibu na tangawizi, niliitia yote iliyokuwa jikoni."

Nikaweka mkono mdomoni.

"Sista, mimi nilikuwa nakula hapa peke yangu. Miaka yote hiyo. Kitu hicho kilinimaliza."

"Peke yako?" Alishangaa kweli kweli, nilisikia stuli ikilia. "Kwani ubao huu ulidhani ni wa nini? Mimi nilikuwa nagawa chakula, na mgawaji alikula baadaye, wenzake wakishatoka. Siku ile ya kwanza nilikusikia ukila huku, kijiko kinagonga bati, hakuna mtu wa kukuongelesha. Nikaenda kwa Mama Mkuu, nikaomba ruhusa niwe nakula hapa, kwa gurudumu. Akaniambia, ukinyamaza, unaweza. Nikanyamaza. Nilikuwa nangoja uanze, ndiyo nianze. Na ukikwaruza sahani, nilijua umeshiba, nikaamka nikaenda kuosha vyombo."

Nje walikuwa wanaimba na kupiga vigelegele. Nikasikia mlango wa upande wake ukifunguliwa, sahani zikiwekwa, sista mdogo akiondoka. Halafu gurudumu likazunguka polepole, nta ya mshumaa imelishika vizuri, na ndani kulikuwa na pilau, imefunikwa kwa sahani nyingine, kijiko juu.

"Anza," akasema.

Nikaanza. Na kwa mara ya kwanza nikasikiliza, nikasikia upande wa pili kijiko kingine, kidogo, kikigusa sahani. Kilikuwa kimekuwa hapo siku zote. Hatukuongea tena. Gari lao lilikuwa linawangoja, na nilijua kitu gani kitamwinua kwenye ile stuli. Pilau yangu iliisha mapema, Mercy. Hata nilipoila punje moja moja. Lakini sahani sikuikwaruza. Niliishika tu magotini, na kijiko nimekiinua juu, kisiguse kitu.